Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hii tuliifunza tangu shule ya msingi, na katika insha zetu tumeitumia sana kuwasifu watu wanaojitegemea. Mwaka huu mimi nimeifahamu kwa njia nyingine kabisa. Nimeiona ikifanya kazi ndani ya tarakilishi, na kidogo tu ingetugharimu miti ya cucu. Kwa hivyo nimewaomba wahariri wa jarida letu kurasa chache nieleze jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la watu wa Nairobi na ng'ambo pekee: jinsi ya kuichagulia kazi mfumo wa uendeshaji na prosesa inayoifaa, hasa kazi inayotumwa kufanywa mbali, kule wanakokuita winguni.

Wacha nianze na miti yenyewe. Shamba la cucu liko upande wa Othaya na linateremka hadi mtoni. Juu kuna kahawa, katikati mahindi na viazi, na chini kabisa kuna kijisitu cha miti ya kiasili, pamoja na mugumo mmoja ambao baba anasema aliukuta ukiwa mkubwa vivyo hivyo. Kando yake kuna mikaratusi, ile tunayoiita mibulugamu, iliyopandwa na baba mdogo. Mapema mwaka huu baba mdogo alimleta mnunuzi wa mbao. Mnunuzi alitaka yote kwa pamoja, mikaratusi na kijisitu, la sivyo hataki.

Sitaficha kitu. Pesa zile zingelipa deni la shule, na deni lenyewe lilikuwa langu. Cucu alikataa katakata. Alisema, "Hiyo miti ina wenyewe." Alimaanisha ndege. Baba mdogo akacheka, akajibu, "Mama, ndege hawalipi karo." Mimi nilikaa kimya pale jikoni nikikoroga uji, kwa maana pande zote mbili zilikuwa zinanihusu.

Ndipo binamu yangu, ambaye nyumbani namwita kaka, akaingilia kati. Yeye yuko mwaka wa nne chuo kikuu. Akasema, "Baba, nipeni wiki sita. Niwahesabu hao wenyewe, halafu muamue." Wazee wakakubali. Mkutano ukapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, baada ya wiki sita hizo kwisha.

Wazo hilo kaka hakuliokota njiani. Hapa Nyeri, katika hifadhi ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, watafiti Ciira wa Maina, Muchiri na Njoroge walinasa sauti za mazingira na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Walionyesha kwamba kwa vifaa vya bei nafuu mtu anaweza kujua ndege gani wanaishi wapi. Sauti zile zilidokeza hata namna barabara kuu inavyowaathiri ndege wa hapo. Kaka aliisoma kazi hiyo, akaona kijisitu chetu nacho kinaweza kusikilizwa.

Alifunga kwenye mugumo tarakilishi ndogo iitwayo Raspberry Pi, isiyozidi ukubwa wa kadi chache zilizopangwa pamoja, ikiwa na maikrofoni na betri ndani ya mkebe usioingiza maji. Ilirekodi dakika moja kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana. Hebu tufanye hesabu. Kwa siku moja ni faili 144. Kwa siku 42 ni faili 6,048. Nani ana masikio ya kusikiliza hizo zote? Kwa hiyo kaka alitumia programu iliyofunzwa kutambua sauti za ndege. Kwenye laptopu yake nzee kila faili ilichukua kama dakika mbili. Mara 6,048, hizo ni dakika 12,096, yaani saa 201 na ushei, zaidi ya siku nane mfululizo bila stima kupotea hata mara moja. Naye alikichukua kifaa chake mtini Jumapili jioni. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Siku hazitoshi.

Hapo ndipo wingu linapoingia. Ndugu msomaji, usiangalie juu. Wingu ni tarakilishi za watu wengine, maelfu kwa maelfu, zilizojaa katika majumba makubwa, nawe unazikodi kwa dakika kama vile mtu anavyokodi trekta. Afrika ina mkono wake katika jambo hili. Huduma ya Amazon ya kukodisha tarakilishi, EC2, iliyoanza mwaka 2006, ilitengenezwa na kikosi kilichokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ikafungua majumba yake ya tarakilishi mjini humo.

Kazi kama ya kaka huitwa kazi ya mkupuo. Waliozaliwa penye kahawa wataelewa upesi. Jioni mkulima akifika kiwandani na debe lake, mashine ya kumenya haiwashwi kwa ajili yake peke yake. Kahawa ya wote hupimwa, hukusanywa, kisha humenywa kwa mkupuo mmoja. Tena hakuna mtu anayehitaji kusimama pale akibonyeza kitu. Kaka aliigawa kazi yake mara 42, siku moja kazi moja, zikapewa namba kuanzia 0 hadi 41, kwa kuwa tarakilishi huanza kuhesabu na sufuri. Kila kazi ilikuwa na faili 144, yaani saa nne na dakika 48. Zote zingekwenda kwa pamoja zingemalizika kabla ya chajio. Lakini akaunti mpya iliruhusiwa kutumia prosesa 6 tu kwa wakati mmoja. Arubaini na mbili gawanya kwa sita ni zamu saba. Zamu saba ni saa 33 na dakika 36.

Sasa kontena. Programu haipendi kusafiri peke yake. Inataka maktaba zake, faili zake na mipangilio yake. Zamani mtu aliihamisha programu kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, na kule ikakataa kwa sababu kitu kimoja kimesahauliwa. Tangu Docker ilipotokea mwaka 2013, watu wengi hufunga programu na vyombo vyake vyote katika furushi moja liitwalo kontena. Mwaka 2014 Google ikatoa Kubernetes, programu ya kusimamia makontena mengi, na jina hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo. Wenzetu wa Lamu wangecheka kusikia kwamba winguni nako kuna manahodha.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaijua kontena vizuri, kwa maana kila asubuhi tunabeba moja mkobani. Ndani mna githeri, kijiko na chumvi kidogo kwenye karatasi. Popote utakapofungua, chakula ni kile kile. Lakini kuna kitu ambacho mkebe haubebi, nacho ni moto. Ule wa plastiki ukiuweka ndani ya maikrowevu utapata chakula cha moto. Ukiuweka juu ya jiko la makaa utapata msiba. Kontena ya tarakilishi ni vivyo hivyo. Imebeba programu na vyombo, ila haikubeba prosesa, na haikubeba kiini cha mfumo wa uendeshaji. Hivyo viwili inavikuta kwa mwenyeji wake. Ndiyo sababu mtu akituma kazi winguni huulizwa maswali mawili: Mfumo gani? Prosesa gani?

Swali la kwanza, mfumo. Kontena iliyotengenezwa kwa Linux, ule mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, inataka kiini cha Linux. Ile ya Windows inataka Windows. Hapa wengi huchanganyikiwa. Tarakilishi za saiba ya Othaya zina Windows, basi mtu hudhani lazima kazi yake winguni iwe ya Windows. Sivyo. Pale saiba umekaa dirishani tu ukiangalia. Kinachojalisha ni kule kazi inakofanyika na kontena ilivyofungwa.

Swali la pili, prosesa, ndilo lililotutoa jasho. Prosesa nyingi za leo ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni x86, uliotokana na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ikaupanua kwa prosesa za biti 64, na ndiyo maana utaona ukiitwa x86_64 au amd64, ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Huo umo katika laptopu nyingi za Windows na seva nyingi. Ukoo wa pili ni ARM. Prosesa yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985 mjini Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, na waliobuni ni Sophie Wilson na Steve Furber. ARM haili umeme mwingi, ndiyo sababu imo karibu katika kila simu ya kisasa mifukoni mwetu, na katika ile Raspberry Pi ya kwenye mugumo. Tangu mwaka 2018 Amazon nayo ina prosesa zake za ukoo huo za kukodisha, ziitwazo Graviton.

Koo hizi mbili haziongei lugha moja. Amri iliyoandikwa kwa ARM, x86 haiisomi, kama vile ambavyo mimi nikiandikiwa barua kwa Kichina nitaigeuzageuza tu.

Sasa turudi kwa kaka. Jumatatu hadi Jumatano alikuwa chuoni akipakia faili, kila moja megabaiti moja na nusu, jumla kama gigabaiti tisa. Intaneti ya simu ingemfilisi. Alhamisi alasiri akanikuta nikitoka shuleni, tukaenda saiba. Cucu alikuwa amempa shilingi 1,500 za kahawa, na hesabu ya kaka ilisema kazi yote itakula kama dola 10, dola moja ikiwa karibu shilingi 130. Hakukuwa na pesa nyingine nyuma ya hizo.

Akabonyeza. Kazi sita za kwanza zikaanza, zikafa. Sita nyingine, zikafa. Katika muda mfupi zote 42 zilikuwa na alama nyekundu. Kaka akashika kichwa. Ujumbe ulikuwa wa maneno matatu ya Kiingereza yenye maana kwamba umbo la programu halieleweki.

"Lakini kule shambani inafanya kazi!" akasema kwa sauti hadi mwenye saiba akageuka.

Nikamwuliza, kwa heshima, "Kaka, kule shambani kuna mashine gani, na huko mbali umekodi gani?"

Akanyamaza. Akafungua ukurasa wa mipangilio. Pale pa mfumo pameandikwa Linux, sawa. Pale pa prosesa palikuwa patupu. Akasoma maelezo ya huduma ile, na hapo tukaipata siri: ukiacha patupu, wingu halikuulizi tena. Linachukulia kwamba unataka x86_64. Naye kaka alikuwa ameifunga kontena yake juu ya ile Raspberry Pi yenyewe. Akaiwasha, akaandika amri fupi uname -m, ikajibu aarch64, ambalo ni jina la ARM ya biti 64. Ndege alikuwa na ubawa mmoja, naye amerushwa kwa ubawa wa mwingine.

Kaka alinieleza kwamba dawa ni tatu. Ya kwanza, kuifunga kontena upya kwa x86, au kuifunga kwa koo zote mbili kwa pamoja ili kila mashine ichukue yake. Hiyo ni dawa nzuri ukiwa na muda na intaneti ya kutosha. Ya pili, kuweka mkalimani, programu inayotafsiri amri za ukoo mmoja kwa mwingine. Inafanya kazi, lakini mkalimani huchelewesha mazungumzo, na sisi tulikuwa tunahesabu saa. Ya tatu, kulijaza lile pengo: kuliambia wingu wazi kwamba mfumo ni Linux na prosesa ni ARM64. Akachagua ya tatu. Isitoshe, pale alipokodi, ARM ilikuwa rahisi kwa karibu sehemu moja ya tano, dola 10 zikawa kama 8.

Kulikuwa na mitego midogo zaidi ambayo ni vyema uijue. Kaka alitaka prosesa moja na kumbukumbu ya gigabaiti moja ili kubana pesa. Wingu likakataa, kwa sababu vipimo huuzwa kwa jozi kama viatu: prosesa moja ilikwenda na kumbukumbu kuanzia gigabaiti 2 hadi 8. Pia maelezo ya kazi yakishaandikishwa hayafutwi na kuandikwa juu yake. Unaandikisha toleo jipya, la 2, na unapotuma kazi uhakikishe unataja toleo hilo na si lile la kwanza. Tena kabla ya kutuma zote 42, alituma moja yenye faili moja tu. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni. Baada ya dakika mbili hivi alama ikawa ya kijani. Sijawahi kufurahia rangi ya kijani namna ile.

Zote zikatumwa saa kumi na moja jioni. Ongeza saa 33 na dakika 36, unafika Jumamosi saa nane na dakika 36 usiku. Kama tungechelewa kulitambua kosa hilo hadi Ijumaa jioni, mkutano ungeanza na kumalizika huku wingu likiendelea kumenya. Tukaizima tarakilishi ya saiba, tukaenda nyumbani. Nilimwuliza kaka kama kazi haitazimika, akacheka. Kule mbali hawakujua hata kama tumeondoka.

Jumamosi saa mbili asubuhi matokeo yalikuwa tayari. Kazi 41 zilifaulu. Moja ilikwama kwa kuwa siku hiyo betri ilikwisha na faili zilikuwa tupu. Kaka aliandika wazi kwenye karatasi: siku moja haipo. Programu ilitaja aina za ndege zaidi ya thelathini. Lakini hakuiamini hivi hivi. Alimchezea cucu sauti kwenye simu, moja baada ya nyingine, naye cucu akawa anawataja kwa majina ya Kikuyu bila kusita. Kwa moja aliangua kicheko. Programu ilikuwa imempa jina refu la kizungu ndege fulani adimu. "Huyo ni jogoo wa jirani," cucu akasema. Kaka akamfuta. Hondohondo alibaki, na hua, na wengine ambao mimi nimewasikia maisha yangu yote bila kuwajua kwa majina.

Mkutanoni baba mdogo alisikiliza hadi mwisho. Alimtambua hondohondo kabla ya kaka kusema jina, akakiri kwamba alipokuwa mtoto walikuwa wakimfuata hadi mtoni. Kisha akauliza swali la haki: "Na deni la shule?" Hapakuwa na programu ya kulijibu hilo. Baba akakata shauri mikaratusi iuzwe peke yake, kwa mnunuzi mwingine, hata kama ni kwa bei ndogo. Kijisitu kibaki. Pesa zile zililipa nusu ya deni langu. Nusu nyingine bado tunailipa kidogo kidogo kwa kahawa, na niliitwa ofisini mara mbili muhula uliopita kwa sababu yake. Sijuti, lakini pia sitakudanganya kwamba ni jambo jepesi.

Ndugu msomaji, nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba ukiacha pengo katika fomu, kuna mtu mahali fulani aliyekwisha kukujazia. Mara nyingi anajaza vizuri, nawe hutajua kamwe. Siku utakapokuwa tofauti na alivyodhani, kazi zako 42 zitakufa papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kutuma kitu mbali, kijue kwanza kilichomo mkononi mwako: kimefungwa kwa mfumo gani, kwa prosesa gani, kinahitaji kumbukumbu kiasi gani. Halafu kiseme wazi. Onja kimoja. Kisha tuma vyote.

Na kwa wale wanaosema kwamba mambo haya hayawezi kuelezwa kwa Kiswahili, mimi nimewaelezea cucu na baba mdogo kwa mkebe wa githeri, wakaelewa. Kifaa cha kaka kimerudi kwenye mugumo. Zamu ya kubadilisha betri Jumamosi ni yangu, na anayetaka kuja kusikiliza, karibu.